Mutu mukubwa akiandika jina yake, tumupigie makofi

Leo nataka kuwaelezea kosa moja nililofanya mwenyewe.

Mu chumba chetu cha sendika tuko na masomo ya kusoma na kuandika, mara mbili kwa juma, nyuma ya kazi. Siku moja papa mumoja, mwenye kupita miaka 50, alishika chaki akaandika jina yake yote mbele ya wenzake. Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yake. Herufi moja kubwa, ingine kidogo, mustari unapanda na kushuka. Mimi nilisema tu: "Muzuri, tuendelee." Juma lililofuata hakuonekana. Nilimufuata ku nyumba, na mama wa nyumba akaniambia: "Alirudia na furaha, lakini anasema kwenu ile haikuwa kitu."

Neno lile lilinichoma. Masomo haya tuliyaanza sababu ndugu mumoja alitia kidole juu ya karatasi aliyofikiri ni ya konje, kumbe ilikuwa ya kukubali kuacha kazi. Nilijua kabisa jina lililoandikwa na mukono wa mutu linaweza kulinda mukate wa watoto wake. Lakini nilipoliona ku ubao, sikulipa heshima.

Ku mwanzo tulifundisha kama masomo ya watoto: ba, be, bi, bo, bu. Wababa walisikia haya, wengine walilala palepale sababu ya uchovu. Ndipo tukageuza. Kule Brésil, mwaka 1963, mwalimu Paulo Freire alifundisha wafanyakazi karibu 300 mu muji wa Angicos kwa maneno ya maisha yao wenyewe. Neno moja kati ya yale lilikuwa "tofali". Sisi tukaanza na karatasi ya mushahara.

Kila mutu alileta yake, akifunika pesa kama anataka. Tulitafuta jina, kisha tarehe, kisha yale maneno ya Kifaransa, tukiandika Kiswahili pembeni. Tulifika ku CNSS: mufanyakazi anakatwa 5 kwa mia kwa ajili ya pansheni yake. Tulifika ku saa za kuongeza. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema juma lisipite saa 45. Saa 6 za kwanza zenye kupita pale zinaongezewa 30 kwa mia, zile za nyuma yake 60 kwa mia, na saa za siku ya mapumziko 100 kwa mia. Basi, kama saa moja ni franka 2.000, saa ya siku ya mapumziko ni franka 4.000. Hesabu ile hakuna mutu aliyeilalia.

Lakini njia mupya peke yake haitoshi. Kuko siku inakwama. Hesabu ya virgule ilitushinda juma nzima, na wawili walitaka kuacha. Kilichowashikilia ni daftari tunayofungua mbele ya kutawanyika. Kila mutu anasema kitu kimoja alichoweza leo, hata kama ni kidogo: "Nimesoma tarehe." "Nimetambua neno 'retenue'." Tunaandika, tunapiga makofi, tunaenda. Hatununui pombe, hatutoi zawadi. Na hatusifu bure: mutu mukubwa anajua akidanganywa. Tunasifu kile alichofanya, tunakitaja kwa jina lake. Hata mwalimu anaandika chake: "Leo nimegeuza mufano, wameelewa."

Mitihani iko mbali, na mutu mwenye kutoka kazi ya usiku hawezi kutembea miezi yote akitazama mbali tu. Anahitaji kuona kama jana hakuweza, na leo ameweza.

Papa yule nilimuomba musamaha, akarudi. Siku moja aliniletea karatasi yake, kidole juu ya mustari wa saa za kuongeza: siku moja ya mapumziko aliyotumika haikuhesabiwa. Tulienda pamoja na delege ku biro, na mwezi uliofuata walirekebisha. Pesa ile haikufika hata bei ya mufuko wa bunga. Lakini aliyeiona ni yeye, na macho yake.

Bamama na watoto, kazi ingine ni yenu. Papa akirudia na daftari, musimucheke. Mumuulize: "Leo umeweza nini?" Halafu mumuache asome, hata polepole, mpaka mwisho wa mustari.