Flossie Wong-Staal, Mama Aliyevisoma Virusi vya UKIMWI Herufi kwa Herufi

Kina mama waliopitia kliniki ya wajawazito wanakijua kipimo cha virusi vya UKIMWI. Wachache wanalijua jina la mwanamke aliyekuwa miongoni mwa waliotufunulia siri ya virusi hivyo. Juma hili tumeona tumtaje.

Alizaliwa Guangzhou, Uchina, mwaka 1946, akaitwa Wong Yee Ching. Mwaka 1952 wazazi wake walihamia Hong Kong wakiukimbia utawala wa Kikomunisti. Huko alisomeshwa na watawa wa Kikatoliki, nao wakamtaka awe na jina la Kiingereza. Babake akachagua Flossie, jina la tufani iliyokuwa imelipiga eneo hilo. (Sisi huwatafutia mabinti majina ya upole, mzee huyu alimpa wake la upepo.) Katika ukoo wao hapakuwa na mwanamke aliyewahi kufanya kazi nje ya nyumba, sembuse kusomea sayansi, lakini wazazi hawakumzuia. Alipotimiza miaka 18 alivuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, na mwaka 1972 akapata shahada ya uzamivu katika baiolojia ya molekuli.

Mwaka uliofuata alijiunga na maabara ya Robert Gallo katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Hapo walichunguza virusi vya aina ya ajabu, na yafaa tuyafafanue maajabu yake. Kila seli ya mwili ina hati yake ya asili iitwayo DNA. Seli ikitaka kufanya kazi, hunakili sehemu ya hati hiyo katika RNA, mfano wa barua inayotumwa kwa mafundi. Virusi hivi hupindua utaratibu huo: huja na RNA yao, wakaigeuza kuwa DNA, kisha wakaipachika ndani ya hati ya mwenye mwili. Tangu hapo seli ikisoma kitabu chake, husoma na ukurasa wa adui, ikamzalia watoto bila kujua.

UKIMWI ulipozuka, wanasayansi wa Paris walivipata virusi vyake mwaka 1983, na maabara ya Gallo ikaonyesha kwamba ndivyo vinavyosababisha maradhi. Ukafuata ugomvi mrefu wa nani alitangulia, ambao hatuoni kama ulimfaa mgonjwa yeyote. Mama huyu na wenzake walivitenga vipande vya jeni za virusi hivyo na kuvizidisha maabarani, na kufikia 1985 walikuwa wameisoma hati nzima, herufi zisizofikia 10,000. Usomaji huo ulisaidia kupatikana kwa vipimo bora vya damu.

Lakini kwetu sisi, jambo zito zaidi ni lile waliloliona baadaye: virusi vya mgonjwa mmoja havikufanana, na vilizidi kubadilika kadiri miaka ilivyopita. Sababu ni kwamba mnakili wa virusi hivi ni mzembe. Hanukuu kwa uangalifu kama wale walionakili vitabu kwa mkono, wakarudi kusahihisha kila nukta. Hukosea na kuendelea. Katika makosa hayo huzuka virusi visivyotambuliwa na kinga ya mwili au visivyodhurika na dawa. Ndiyo sababu chanjo imekuwa ngumu kupatikana, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa kadhaa kwa pamoja na kusisitiziwa asiruke siku. Anayezificha dawa asionwe na mashemeji, akakosa kumeza leo na kesho, huvipa virusi nafasi ya kujifunza. Twawaomba wenye nyumba walifikirie hilo kabla ya kumnyanyapaa mtu kwa maneno.

Mwaka 1990 alihamia Chuo Kikuu cha California, San Diego. Alitaka kutumia RNA yenyewe kuwa silaha, kwani zipo RNA zenye uwezo wa kukata nyingine. Alitarajia kuzitia katika seli za damu zikate RNA ya virusi. Tiba hiyo haijawa ya kawaida hospitalini. Miaka ya mwisho ya kazi yake aliielekeza kwenye dawa za homa ya ini aina C, nayo pia ni ya virusi vya RNA. Alifariki California mwezi Julai 2020, akiwa na umri wa miaka 73, akaacha mabinti wawili.