Mafuta ya Urithi: Ijue Lipoprotini Ndogo A

Hutokea mtu wa makamo, mwembamba, asiyevuta sigara wala kuugua kisukari, akapatwa na mshtuko wa moyo ghafla. Jamaa hubaki wakiulizana alikuwa akila nini. Pengine jibu halimo jikoni, bali limo katika nasaba.

Mafuta na maji havichanganyiki, na kwa sababu hiyo kolesteroli husafiri katika damu ndani ya vifurushi vidogo viitwavyo lipoprotini. Mwaka 1963, tabibu Kåre Berg wa Norwe aligundua aina mojawapo iliyokuja kuitwa lipoprotini ndogo a. Kifurushi hiki hushabihiana na kile cha kolesteroli mbaya, ila kimefungwa protini ya ziada, ndefu, yenye mikunjo mingi iliyofuatana mithili ya shanga katika uzi.

Mikunjo hiyo ndiyo asili ya madhara. Mtu anapojikata, damu hufuma nyuzi za fibrini ili kuziba jeraha. Kazi ikiisha, protini nyingine iitwayo plazminojeni huzishika nyuzi hizo, ikaamshwa, na kuliyeyusha donge. Mwaka 1987 wataalamu waliona kwamba protini ya lipoprotini ndogo a inafanana mno na plazminojeni. Nayo hunata penye fibrini, lakini haina uwezo wa kuyeyusha chochote. Ni mfano wa ufunguo unaoingia katika kufuli usiweze kuifungua, huku ukiuzuia ufunguo wa kweli. Katika maabara imeonekana kuchelewesha kuyeyuka kwa donge. Kiasi gani hufanya hivyo ndani ya mwili, wataalamu wangali wakijadiliana.

Lililo wazi zaidi ni madhara yake katika kuta za mishipa. Hunasa humo na kushusha kolesteroli pamoja na mafuta yaliyoharibika, ambayo huchochea uvimbe. Mshipa hukakamaa na kuwa mwembamba. Utando wa ndani ukipasuka, donge hufanyika juu yake. Damu ikizibwa moyoni ni mshtuko wa moyo, ikizibwa katika ubongo ni kiharusi. Vali ya moyo pia huweza kukakamaa.

Takriban mtu 1 kati ya 5 duniani ana kiwango cha juu, yaani kuzidi miligramu 50 kwa desilita, na kwa wastani watu wenye asili ya Afrika wana viwango vikubwa kuliko Wazungu. Kiwango hicho huamuliwa zaidi na urithi, na mtoto hukifikia angali mdogo. Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kama inavyoweza kutokea kwa mabinamu waliooana, mtoto aweza kuipata pande zote mbili. Kwa wanawake, kiwango huelekea kupanda kidogo baada ya ukomo wa hedhi.

Kipimo cha kawaida cha mafuta hakiionyeshi peke yake. Yapasa kuombwa kwa jina. Mwaka 2019 madaktari wa moyo wa Ulaya walishauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani, na kwa wengi mara moja hutosha. Aliyefiwa na mzazi au ndugu kwa ugonjwa wa moyo katika umri mdogo asichelewe kumuuliza daktari.

Kupunguza samli na viazi karai hakuishushi lipoprotini hii, na dawa mahsusi zingali katika majaribio. Hata hivyo, mwenye urithi huu hakuachwa bila silaha. Adhibiti shinikizo la damu, sukari na kolesteroli mbaya, aache tumbaku, atembee kila siku. Asijianzishie asprini bila daktari, kwani huweza kumtoa damu tumboni.

Basi, akina mama, mnapowasimulia watoto habari za babu na bibi zao, wasimulieni pia maradhi waliyoondoka nayo. Habari hiyo huenda ikaokoa maisha.