Kwa Nini Nanga Zilitupwa Nyuma?

Somo: Matendo ya Mitume 27:27–44

 

Sisi wa Nairobi tuko mbali na bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni karibu kilomita 500, na wengi wetu hatujapata kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo maneno ya mabaharia tunayo vinywani kila siku. Dereva wa matatu hushika usukani. Kijana anayeongoza timu yetu ya mpira twamwita nahodha. Mashindano yakianza, mtangazaji husema yameng'oa nanga. Na chama chetu kikivurugika twasema kinakwenda mrama, yaani kinayumba kama chombo kinachopigwa ubavuni na mawimbi.

Lakini tukifungua Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, katika sura hii twakutana na maneno mengine ya watu wa pwani, ambayo mara nyingi hutupita tu. Na tuyaeleze kwanza.

Neno la kwanza ni bildi. Hicho ni kipande kizito cha madini ya risasi kilichofungwa kambani. Baharia hukitupa majini ili ajue kina. Kipimo chake ni pima, nayo ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyoshwa, yapata futi sita. Usiku ule walipata pima 20, kisha 15. Maana yake nchi kavu ilikuwa karibu, na miamba pia.

Neno la pili ni omo. Kina mama wa Kawangware waendao kufua nguo Lavington wanaijua Omo ya sabuni. Lakini omo ya chombo ni sehemu yake ya mbele, ile ipasuayo maji. La tatu ni tezi. Siku hizi tukisikia tezi twafikiri habari za hospitali. Kwa baharia, tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo.

Sasa angalieni. Kwa kawaida chombo hutia nanga kwa upande wa omo. Mabaharia hawa walitupa nanga nne kwa upande wa tezi. Kwa nini? Upepo ulikuwa ukiwasukuma kwenda nchi kavu. Kama wangetupa nanga mbele, chombo kingegeuka na kuipa pwani kisogo. Nanga za nyuma zilikizuia kisigonge miamba gizani, huku omo ikibaki imeelekea pwani. Kulipokucha hawakuwa na kazi ya kugeuza chombo. Waliziacha nanga baharini, wakatweka tanga, wakaenda.

Ndugu zetu, ndivyo lilivyo tumaini letu, ambalo Waebrania 6:19 hulifananisha na nanga. Hutushika usiku tusivunjike, lakini halitugeuzi tuipe kesho kisogo.

Tena tumaini hilo halisemi uongo. Mnamo Julai 2018, nyumba nyingi za Kibera, pamoja na shule na makanisa, zilibomolewa kupisha barabara. Ni nani awezaye kumwambia mama aliyelala nje katika baridi ya mwezi ule kwamba hakupoteza kitu? Paulo hakusema hivyo. Aliwaambia wazi kwamba merikebu itapotea, lakini hakuna mtu atakayepotea. Ikawa hivyo. Omo ilikwama mchangani, tezi ikavunjwa na mawimbi, na watu wote 276 wakafika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya vipande vya mbao. Mungu aliwahesabu watu kwanza, mbao baadaye.

Bado kuna jambo moja la kutuonya. Usiku uleule mabaharia walishusha mashua ndogo, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo. Kumbe walitaka kutoroka! Paulo akasema kwamba wasipobaki hao, wengine hawataokoka. Wenye ujuzi walihitajiwa chomboni.

Je, sisi? Mweka hazina wa chama, kijana aliyesomeshwa kwa harambee, mzee wa kanisa: mawimbi yakija, twaonekana wapi? Kuhama mtaa si dhambi. Dhambi ni kushusha mashua gizani huku tukisema twakwenda kutia nanga.

Basi juma hili tumtafute jirani mmoja ambaye mwenye nyumba amemfungia mlango kwa sababu ya kodi. Paulo alipowaona wenzake hawajala siku 14, hakuwahubiria tu. Alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akala, nao wakapata moyo wakala. Nasi twaweza kuanza na sahani moja ya ugali na sukuma wiki, na mahali pa kulala watoto usiku mmoja.

Na tuombe. Ee Bwana, utushike usiku huu tusigonge miamba. Uelekeze nyuso zetu pwani. Utufanye mabaharia wasiotoroka, hata kuche. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.