Trekta Linapovuja Maji Wakati wa Kulima

Mvua kubwa hukaribia Moiben, kaskazini-mashariki ya Eldoret, mwezi wa Machi uishapo, na kila apandaye mahindi hulitazamia trekta. Likianza kudondosha maji ya rejeta siku hizo, mwenyewe hana raha: fundi yuko mjini, shamba limelimwa nusu, na majirani waliokwisha kulipa ili walimiwe wananung’unika.

Wengine huvunja yai bichi au humimina unga ndani ya rejeta. Pengine tundu huziba kweli, lakini vijia vyembamba vya rejeta huziba pia, na hasara huwa mbili. Kazi ngumu hasa ni kujua maji yatokapo, maana feni huyapeperusha nyuma, na tone lionekanalo katikati ya injini laweza kuwa limetoka mbele kabisa.

Kwanza injini na ipoe. Moiben iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji ya sufuriani huchemka kwa joto la digrii 93 hivi, wala hayangoji 100. Ndani ya rejeta hubanwa na kifuniko. Kifuniko cha msukumo wa ratili 7 kwa inchi ya mraba huongeza zaidi ya digrii 10. Akifunguaye kingali moto huyaachilia maji yachemke ghafula usoni pake.

Kisha injini ioshwe, ikaushwe, iwashwe ikiwa baridi, na mipira yote imulikwe kwa tochi. Mipira ikiwa mikavu, itazamwe pampu ya maji, ambayo katika injini za Perkins za matrekta mengi ya Massey Ferguson hukaa nyuma ya feni. Chini yake pana kitundu. Maji yakidondoka hapo, sili ya ndani imekwisha. Kitundu hicho kisizibwe kamwe kwa kijiti! Maji yakikosa njia huingia katika beringi. Beringi ikifa, feni hulegea na huweza kuichana rejeta.

Kuibadili pampu ni kazi ya siku nzima kwa asiyezoea. Maji yamwagwe katika beseni na kufichwa, kwa kuwa dawa ya kupozea ina utamu, na mbwa au ndama akiinywa huweza kufa. Bolti zipangwe kama zilivyokaa, maana pengine urefu wake si mmoja. Gaskiti ya zamani ikwanguliwe yote. Hapa ndipo watu huharakisha jua likishuka, wakairudia kazi kesho yake. Bolti zikazwe kidogo kidogo, upande huu na upande ule.

Lakini mafuta ya injini yakionekana meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Hapo spana ziwekwe chini, injini isiwashwe tena, na fundi aitwe hata kama ni ghali.

Pampu mpya ikiisha kufungwa, maji yatiwe polepole, injini iende bila kifuniko mpaka mapovu yaishe, na karatasi kavu ilazwe chini ya pampu usiku kucha.