Lahajedwali kwa mwanafunzi wa lugha: tujifunze kwa kutenda

Wengi wetu katika kitivo cha lugha tunakutana na Excel siku tunapoandika tasnifu. Daftari limejaa maneno, mwalimu anataka jedwali na hesabu, nasi tunamkimbilia rafiki wa uchumi atufanyie. Lakini jopo likiuliza hesabu zimepatikana vipi, rafiki huyo hatatujibia.

Lahajedwali haijulikani kwa kusomewa darasani. Inajulikana kwa mazoezi, na mazoezi mazuri ni yale yanayotoka katika fani yetu wenyewe. Hili hapa ni moja. Asiye na Excel atumie LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure.

Hatua ya kwanza. Katika seli A1 andika Jina, B1 Mwanzo, C1 Ngeli. Kuanzia A2 hadi A21 andika majina 20 bila kufuata alfabeti. Sita yawe kitabu, kiti, kikombe, kijana, kiboko (mnyama wa mtoni) na kiu. Mengine 14 yasianze na ki, wala yasiwe ya ngeli ya KI-VI.

Hatua ya pili. Kompyuta zetu nyingi ziko katika Kifaransa, kwa hiyo katika B2 andika =GAUCHE(A2;2). Fomula hii inachukua herufi mbili za kwanza. Shika pembe ya chini ya seli, upande wa kulia, uivute hadi B21. Kwenye mashine ya Kiingereza fomula hiyo huitwa LEFT, na mara nyingi mkato huchukua nafasi ya nukta-mkato. Wengi hukwama hapo, wakadhani wamekosea hesabu.

Hatua ya tatu. Jaza safu C kwa mkono, ukifuata upatanisho. Kitabu kimeanguka: KI-VI. Kijana amefika, kiboko amezama: A-WA. Kiu imenishika: I-ZI.

Hatua ya nne. Katika E1 andika =NB.SI(B2:B21;"ki"), na katika E2 =NB.SI(C2:C21;"KI-VI"). Ya kwanza itatoa 6, ya pili 3. Mashine haikukosea: imehesabu herufi kama ilivyoagizwa. Anayeandika katika tasnifu kwamba ana majina sita ya ngeli ya KI-VI ndiye aliyekosea.

Hatua ya tano: haribu kwa makusudi. Hifadhi nakala kwanza. Chagua safu A peke yake, uipange kwa alfabeti. Programu itauliza kama ipanue uchaguzi. Wewe kataa, endelea na safu hiyo tu. Sasa tazama: safu B imefuata majina kwa sababu ni fomula, lakini safu C imebaki palepale. Huenda kiti kimepata A-WA na kijana KI-VI, wala hakuna onyo lolote jekundu. Kosa kama hili likiingia katika maneno 800 ya tasnifu, nani ataligundua? Bonyeza Ctrl na Z kurudisha, kisha panga tena ukiwa umechagua jedwali zima.

Hifadhi kazi kila baada ya hatua, maana umeme hauagi unapoondoka. Juma lijalo rudia zoezi hili kwa maneno 20 ya daftari lako, bila kutazama ukurasa huu.