Moyo wa Bandia na Mwendo wa Ndama (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Willem Kolff na Tetsuzo Akutsu walivyompandikizia mbwa moyo wa bandia huko Cleveland, Marekani, mwaka 1957, na mbwa yule akaishi kwa muda wa dakika 90 hivi. Tangu hapo sifa ya mioyo hii imepimwa kwa muda. Ndama mmoja wa Chuo Kikuu cha Utah aliishi siku 268. Barney Clark, mgonjwa aliyepandikizwa moyo wa bandia uitwao Jarvik-7 Desemba 1982, aliishi siku 112. Hesabu hiyo ina haki yake, lakini haitoshi. Mnyama aliyesimama zizini akila na kulala anaudai moyo wake kidogo sana. Pampu dhaifu yaweza kumtunza kwa miezi bila udhaifu wake kuonekana, na ndiyo maana nashikilia kwamba kipimo cha kweli ni mwendo.

Watafiti huwapandisha ndama wenye moyo wa bandia kwenye mashine ya kukimbilia. Mkanda unazunguka chini ya kwato kwa mwendo wa kutembea, huku mirija miwili ya hewa ikitoka kifuani hadi kwenye mtambo ulio kando. Ndani ya Jarvik-7 kila chumba kina utando laini wa plastiki: hewa ikiingia, utando unaisukuma damu nje, hewa ikitoka, damu ya vena inaingia. Moyo wa asili ungeongeza mapigo kwa amri ya neva. Huu hauna neva hata moja, na mtu angetazamia mnyama aishiwe nguvu papo hapo. Haiwi hivyo. Misuli ya miguu inapojikaza huzikamua vena, damu nyingi zaidi inarudi kifuani, na chumba ambacho hakikuwa kikijaa sasa kinajaa. Mapigo ni yale yale kwa dakika, lakini damu inayotoka imeongezeka.

Nyongeza hiyo ina kikomo. Chumba cha mililita 100 kikipiga mara 100 kwa dakika hakiwezi kutoa zaidi ya lita 10, na ndama anakua wakati pampu haikui. Hata hivyo kuilaumu pampu peke yake ni kosa, kwa sababu misuli haihitaji lita za damu. Inahitaji oksijeni iliyomo. Gramu moja ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Damu yenye gramu 120 kwa lita hubeba kama mililita 160. Ikishuka hadi gramu 80, hubeba 107 tu. Vali na kuta za bandia zinaweza kuziponda chembe nyekundu zenye himoglobini hiyo, na upasuaji wenyewe humwaga damu. Basi ndama aweza kupoteza theluthi ya uwezo wake hali pampu inafanya kazi bila dosari. Misuli hujitetea kwa kunyonya oksijeni zaidi katika kila lita, mpaka akiba hiyo nayo inakwisha, asidi ya laktiki inapanda na mnyama anasita. Mambo haya yote hayaonekani zizini.

Wapo wasemao ndama si mtu. Ni kweli: ana miguu minne, ni mchanga, na misuli yake haijadhoofishwa na ugonjwa wa miaka. Lakini hapo ndipo faida ilipo, kwani akishindwa kutembea hatuwezi kusingizia maradhi ya zamani. Wengine husema mgonjwa anataka uhai, hataki mbio. Nami nauliza, huyo mgonjwa hatapanda ngazi, hatakwenda msalani kwa miguu yake? Hoja nzito zaidi ni ya taabu ya mnyama, na hiyo naikubali: jaribio lisimamishwe dalili za kuchoka zinapoanza, maana zenyewe ndizo jibu linalotafutwa.

Moyo wa BiVACOR, ambao hauna utando bali kisahani kimoja kinachozunguka kikiwa kimeelea kwa nguvu ya sumaku, ulijaribiwa kwa ndama, tena kwenye mashine ya kukimbilia, kabla ya kupandikizwa kwa binadamu wa kwanza huko Houston, Julai 2024. Huo ndio utaratibu unaostahili. Wanaotangaza moyo mpya wasitutajie siku peke yake. Watuambie pia mnyama alitembea kwa kasi gani, damu yake ilibeba oksijeni kiasi gani, na ni kipi kilichomsimamisha.