Ukizuru Belém, itafute dhahabu ya Kilwa

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umekaa ukingoni mwa Mto Tejo, pale mto unapopanuka kabla ya kuingia katika Bahari ya Atlantiki. Kiasi cha kilomita sita magharibi ya katikati ya mji upo mtaa wa Belém. Jina hilo ni Bethlehemu kwa Kireno, yaani Baytu Lahm ya Waarabu. Watalii hufurika huko mwaka mzima kwa ajili ya majengo, bustani na upepo wa mto. Kwa mtu wa Mwambao wa Afrika Mashariki mtaa huu una jambo la ziada. Hapa ndipo ilipong'oa nanga, tarehe 8 Julai 1497, safari iliyomfikisha Vasco da Gama Mombasa na Malindi katika mwezi wa Aprili wa mwaka uliofuata.

Ipo tarehe nyingine isiyotajwa sana na wanaowaongoza wageni. Mnamo Desemba 1496, miezi saba tu kabla ya merikebu hizo kuondoka, Mfalme Manuel I aliamuru Mayahudi na Waislamu watoke katika ufalme wake. Waislamu waliokuwa wamebaki Ureno tangu enzi za Andalusia walilazimika kuhama nchi ya mababu zao, wakati mabaharia wa mfalme huyo huyo wakijiandaa kwenda kuzitafuta bandari za Waislamu upande wa pili wa dunia. Anayezuru Belém akizikumbuka tarehe hizi mbili pamoja ataviona vilivyopo kwa jicho jingine.

Kutoka mjini hufika hapo tramu namba 15, na pia treni ya Cascais inayoanzia kituo cha Cais do Sodré. Jengo la kwanza kulitazama ni Monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 na kuchukua takriban miaka mia moja kukamilika. Ni jengo zuri, wala hapana haja ya kulinyima sifa yake. Mawe yake ya chokaa yamechongwa kamba za merikebu, mafundo, majani na tufe la wanafalaki lililokuwa nembo ya Manuel, kwa ustadi unaomfanya mtu asimame akatazama. Gharama zake zilitokana kwa sehemu kubwa na ushuru wa takriban asilimia 5 uliotozwa katika biashara ya Afrika na Mashariki. Mwaka 1983 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ndani ya kanisa la monasteri, karibu na mlango, yapo makaburi mawili yanayoelekeana. Moja ni la Vasco da Gama, aliyefariki Cochin, India, Desemba 1524, na ambaye mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. La pili ni la mshairi Luís de Camões, ambaye utenzi wake uliochapwa mwaka 1572 uliisifu safari hiyo. Katika utenzi huo Malindi ni mji wa wema na Mombasa ni mji wa hila. Wenyeji wa Mombasa bila shaka wangekuwa na kauli yao, ila wao hawakujengewa kaburi la marumaru Lisbon.

Mwendo mfupi kuelekea mtoni upo Mnara wa Belém, ngome iliyojengwa kati ya mwaka 1514 na 1519 ili kuulinda mlango wa mto. Fundi wake, Francisco de Arruda, alikuwa amejenga ngome nchini Morocco, na vibanda vya walinzi vilivyo kwenye pembe za mnara vina kuba ndogo zenye mbavu kama tikiti, zenye ladha ya Kimaghribi. Ukienda na watoto, waambie wamtafute kifaru chini ya kimojawapo cha vibanda hivyo. Inasemekana ni sura ya kifaru aliyetolewa zawadi na Sultani wa Gujarat, akafika Lisbon mwaka 1515. Maskini mnyama huyo alizama na chombo mwaka uliofuata akipelekwa kwa Papa wa Roma.

Mnara wa Wagunduzi, unaofanana na omo ya merikebu iliyojaa watu, ni wa juzi tu. Wa awali ulisimamishwa kwa muda katika maonyesho makubwa ya mwaka 1940, na huu wa zege na mawe ulijengwa mwaka 1960, wakati Ureno ilikuwa bado inatawala Msumbiji, Angola na Guinea. Katika maonyesho hayo ya 1940 waliletwa watu kutoka makoloni, wakakalishwa katika bustani iliyo jirani na monasteri ili watazamwe. Bustani hiyo leo ni pahala patulivu penye miti mikubwa ya nchi za joto, na sanamu za vichwa vya Waafrika na Waasia zilizotengenezwa wakati ule zingali humo. Ni vyema kupita hapo kuliko kuishia kupiga picha mtoni.

Kuhusu chakula, Belém inajulikana kwa vitobosha vya maziwa na mayai, ambavyo vimeuzwa mtaani hapo tangu mwaka 1837. Katika mkahawa wowote Muislamu aulize kama unga umekandwa kwa *banha*, yaani mafuta ya nguruwe. Samaki wa kuchoma hupatikana kwa urahisi. Kwa swala, Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985, upo karibu na Praça de Espanha, mbali kidogo na Belém. Wengi wa walioianzisha jamii yake walitoka Msumbiji na Guinea-Bissau. Anayekwenda mwezi wa Juni au Julai ajue kuwa jua huchwa mnamo saa tatu usiku.

Kitu kinachotuhusu zaidi, hata hivyo, hakipo tena Belém. Julai 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama aliingia Kilwa na kumtisha Amiri Ibrahim kuwa ataupiga mji kwa mizinga. Kilwa, ambayo Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331 na kuisifu kwa uzuri, ilitoa mithkali 1,500 za dhahabu, kiasi cha kilo sita na ushei. Malipo hayo hayakuuokoa. Julai 1505 Francisco de Almeida aliupora mji, na mwezi uliofuata akaichoma Mombasa.

Dhahabu ile Manuel aliamuru ifuliwe chombo cha ibada, cha kuwekea mkate uliotakaswa wa Wakatoliki, na baadaye akakiusia kwa monasteri ya Jerónimos. Kilikamilika mwaka 1506, na kazi hiyo inanasibishwa na sonara Gil Vicente. Sasa kimo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, njiani kati ya Belém na katikati ya mji. Urefu wake ni sentimita 73, na pembeni wamepiga magoti mitume kumi na wawili wenye mavazi ya rangi. Kwenye kitako yamezungushwa maandishi yasemayo kwamba mfalme alikifanyiza kwa dhahabu ya *parias* za Kilwa. Neno hilo ni lile lile walilolitumia wafalme wa Kikristo kwa malipo waliyowatoza watawala wa Kiislamu wa Andalusia.

Waoneshe watoto herufi hizo. Kilwa imeandikwa kwa Q. Makumbusho hayo, kama ilivyo monasteri, hufungwa kila Jumatatu.